Kufungua si Kujua

Miongoni mwa mambo ambayo binadamu huyatenda kila siku bila ya kuyatafakari ni kufungua. Hufungua mlango, hufungua barua, hufungua kitabu, hufungua mdomo. Na aghalabu mkono hutangulia, akili ikafuata nyuma. Kufungua ni kwepesi. Kufunga, yaani kukirudisha kitu katika hali yake ili kifanye tena kazi yake, ni kuzito, na huko ndiko watu wengi hushindwa. Ndipo likazaliwa suala linalostahiki kuulizwa kwa makini: je, mtu asiyejua ana haki ya kukifungua kitu kilichoundwa na wanaojua? Na akishakifungua, anadaiwa nini, na mdai wake ni nani?

Suala hili laweza kuulizwa juu ya mambo makubwa, kama sheria za nchi, siri za nyumba au maandiko ya kale. Hapa litaulizwa juu ya kitu kidogo kinachoenea katika viganja viwili, nacho ni kabureta ya gari. Kitu kidogo kina faida yake: mwanzo wake na mwisho wake huonekana kwa jicho moja, na mwenye kukichunguza hawezi kujificha nyuma ya maneno makubwa.

Kabureta ni chombo cha mizani. Kazi yake ni kuchanganya hewa na petroli kwa kadiri itakayoiwezesha injini kuwaka: takriban sehemu 15 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli, kwa uzani. Petroli ikizidi, injini hutoa moshi mweusi na plagi hujaa masizi. Ikipungua, injini hukosa nguvu na hupata joto kuliko inavyostahimili. Namna chombo hicho kinavyofanya kazi ni ya kustaajabisha kwa wepesi wake. Injini inapovuta pumzi, hewa hupita katika koo lililobanwa katikati. Penye kubanwa hewa hwenda mbio, na penye mbio msukumo wake hupungua. Upungufu huo huivuta petroli kutoka katika bakuli dogo lililo kando, ikapita katika tundu jembamba la jeti, ikatawanyika ndani ya hewa kama ukungu. Daniel Bernoulli aliieleza kanuni hii katika kitabu chake cha mwaka 1738, na Mtaliana Giovanni Battista Venturi akaandika juu ya mabomba yaliyobanwa mwaka 1797. Mwaka 1893 Wahungari wawili, Donát Bánki na János Csonka, walipata hataza ya kabureta yao, na katika miaka hiyohiyo Mjerumani Wilhelm Maybach akaunda ya kwake.

Ndani ya bakuli hilo huelea boya. Petroli ikipanda, boya hupanda nayo na kuisukuma sindano iuzibe mlango wa kuingilia. Petroli ikishuka, boya hushuka na mlango hufunguka. Mtu wa pwani, aliyezoea kuona maboya yakifuata maji, hahitaji kueleweshwa mara mbili. Wala wazo hili halikuzaliwa pamoja na magari. Ndugu watatu wajulikanao kwa jina la Banu Musa, walioishi Baghdad katika karne ya 9, waliandika kitabu cha hila za mitambo ambamo maboya na vali huyatawala maji. Na al-Jazari aliiendeleza elimu hiyo katika kitabu alichokikamilisha mwaka 1206.

Mpenzi wa mashairi naye atakifahamu chombo hiki upesi. Mshororo uliopungukiwa na mizani moja hulishtua sikio kabla akili haijaanza kuhesabu. Jeti ndiyo inayopima mizani ya injini. Juu ya jeti za kabureta aina ya Solex pamechongwa namba ndogo: 125, mathalan, maana yake ni tundu lenye upana wa milimita 1.25. Mtu akilipanua tundu hilo kwa upana wa unywele mmoja tu, gari zima hubadilika mwendo.

Na achukuliwe mtu mmoja awe mfano. Mfano huu ni wa kutungwa, lakini watu wa gereji watamtambua. Ni mwalimu mstaafu, mkaazi wa Unguja, aliyeachiwa na marehemu kaka yake Volkswagen ile ya mgongo wa kobe. Magari ya aina hiyo yalipata kuheshimika Afrika Mashariki. Yalishinda mbio za Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, na zaidi ya milioni 21 yaliundwa duniani hadi kiwanda cha Puebla, Meksiko, kilipoacha kuyaunda Julai 2003. Gari la mwalimu huwaka kwa tabu asubuhi, hunuka petroli, na likipunguza mwendo njia panda huzima. Mtaani mwake yuko fundi aliyelihudumia tangu enzi za marehemu. Mwalimu mwenyewe hajapata kushika spana ila ya baiskeli. Hata hivyo huazimia kuifungua kabureta kwa mikono yake, nyumbani kwake, juu ya mkeka.

Fedha za kumlipa fundi anazo. Sababu yake ni nyengine: ameishi miaka sitini na kitu akitumia vitu asivyovijua, akiwategemea wengine wavijue kwa niaba yake, na angependa kukijua japo kimoja. Hamu hiyo haina aibu. Lakini hamu peke yake haimpi mtu haki, na wako watatu wenye hoja dhidi yake.

Wa kwanza ni fundi. Huyu atauliza: je, elimu niliyoipata kwa miaka ya kulala chini ya magari, mikono ikiungua na macho yakiwashwa na petroli, ni kitu cha kuchezewa alasiri moja juu ya mkeka? Hoja yake ina uzito, kwani katika jamii zetu ufundi haukuwa kazi tu, ulikuwa daraja. Neno lenyewe linasema. Fundi, mwanafunzi, mafunzo na mafundisho yote ni matawi ya shina moja, funda. Na funda hiyo, pamoja na maana ya kumwelekeza mtu, ina maana ya kutwanga kinuni. Anayefundwa hutwangwa. Mwanagenzi alikaa chini ya fundi wake, akafagia, akashika taa, akapewa kazi ya kuosha kabla ya kupewa kazi ya kukaza. Mtu anayeruka yote hayo akaanza kufungua, kwa macho ya fundi, amejipa cheo asichokistahiki.

Wa pili ni jirani. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukapotea, bali hutambaa sakafuni, hupita chini ya mlango, hufika uani penye jiko la mkaa. Anayeosha jeti ndani ya kopo la petroli ukumbini mwake anacheza na nyumba zisizo zake. Na gari likishatoka barabarani, makosa ya mkono mmoja huwa hatari ya wengi.

Wa tatu ni chombo chenyewe. Hakina ulimi, lakini wako waliokiunda kwa ustadi, wakakipima kwa vipimo vidogo, na mikono isiyojua huweza kukiharibu daima. Parafujo la shaba hukubali kuvunjika kwa wepesi. Jeti ikichokonolewa kwa waya, huonekana safi, lakini tundu lake halitakuwa tena lile lililochongwa namba.

Hoja hizi tatu, zikikusanywa, zaonekana kuufunga mjadala: asiyejua asifungue. Lakini zikifuatwa hadi mwisho wake, huzaa jambo la ajabu. Kama hakuna afunguaye ila anayejua, na hakuna ajuaye ila aliyefungua, basi hakuna atakayejua kamwe. Mwanafalsafa Aristotle aliliona fumbo hili zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alipoeleza kwamba mambo ambayo ni lazima tujifunze ndipo tuyatende, hujifunzwa kwa kuyatenda: mjenzi huwa mjenzi kwa kujenga. Hata fundi yule aliye mtaani, siku moja alifungua kabureta yake ya kwanza naye hajui. Kilichomtofautisha na mwalimu si kwamba alijua kabla ya kufungua, bali kwamba palikuwapo mtu nyuma ya bega lake.

Hapo suala hubadilika sura. Haki ya kufungua haitokani na kujua. Yumkini hutokana na jambo jengine, na kazi yenyewe ndiyo itakayolidhihirisha.

Kazi huanza kwa kutofungua. Mwalimu husoma kitabu cha gari siku mbili. Hulitoa gari nje, penye upepo, mbali na jiko, akaweka ndoo ya mchanga karibu. Hutandika kitambaa cheupe juu ya mkeka na kuweka sinia mbili. Kabla ya kuchomoa mpira wowote huufunga uzi, na uzi mwengine wa rangi hiyohiyo huufunga pale mpira ulipotoka. Bomba la petroli huliziba ili lisichuruzike. Hufungua nati mbili zilizoishika kabureta, akainyanyua, akashangaa kuwa ni nyepesi hivyo.

Kisha hufungua kifuniko na kuyapanga maparafujo yake sinia kwa mpangilio uleule yalivyokaa. Hulitoa boya, akalitikisa karibu na sikio. Likilia maji ndani, limetoboka, halifai. Hutoa sindano na mlango wake, hutoa jeti, huziosha kwa brashi laini, huzipuliza kwa pampu ya baiskeli, kisha huinua kila moja juani atazame kama nuru hupita. Katika tundu la jeti ndogo, ile inayoilisha injini inapokuwa imetulia, nuru haipiti. Mchanga wa punje moja umekaa hapo, na punje hiyo ndiyo iliyokuwa ikilizima gari njia panda. Waya u karibu na mkono. Ni hapa kazi inapomuuliza mtu swali lake la kwanza: je, una subira? Mwalimu huirowesha jeti hadi kesho yake.

Wafasiri wa mashairi wanaifahamu hali hii. Mwenye kulitia shairi katika lugha nyengine hana budi kulifungua kwanza, neno kwa neno, kina kwa kina, na vipande vyote vikiwa vimelala mezani shairi halipo tena. Mfasiri mwenye pupa hukutana na neno gumu akalipanua kwa nguvu hadi maana ipite. Maana hupita, lakini kipimo kimekwisha kuharibika, na msomaji wa lugha ya pili hana njia ya kujua. Ubaya wa kosa la namna hii umo katika kutoonekana kwake.

Hapo ndipo inapofaa kuihoji sifa moja ambayo kazi za mikono hupewa mara kwa mara. Husemwa kwamba mashine haidanganyi. Robert Pirsig, Mmarekani, katika kitabu chake cha mwaka 1974 kilichosimulia safari ya pikipiki, aliitetea kazi ya kutengeneza mitambo kuwa shule ya fikra. Na mwenzake Matthew Crawford, katika kitabu cha mwaka 2009, aliisifu kwa kuwa ina kipimo kilicho nje ya mtu, kisichoghilibiwa kwa maneno. Sifa hiyo ina ukweli mwingi. Mtu aweza kuwabembeleza watahini wake, aweza kuwahadaa wasikilizaji wake, lakini hawezi kuishawishi injini iwake. Walakini sifa hiyo imepungukiwa na jambo moja, nalo ni zito. Mashine huhukumu, lakini haihukumu papo hapo, wala haihukumu yote. Injini kuwaka ni ushahidi kwamba imewaka, basi.

Turudi kwa mwalimu. Kesho yake jeti imezibuka. Huvirudisha vipande kimoja kimoja, hutia gasketi mpya kutoka katika pakiti aliyoinunua, hulikaza parafujo la mchanganyiko taratibu hadi liguse chini, kisha hulirudisha nyuma kama kitabu kilivyoagiza. Huiweka kabureta mahali pake. Gari huwaka mara ya pili linapojaribiwa, na likiachwa lijiendeshe lenyewe hutulia kama moyo wa mtu aliyelala. Jirani hutoka kutazama. Jioni hiyo binti wa marehemu hupiga simu: “Baba mdogo, nimesikia gari limepona. Nilitaka kesho alfajiri nimpeleke mama Makunduchi, kama utaridhia.” Naye, kwa furaha, humwambia lichukue, ni gari la baba yako.

Usiku anakunja mkeka, na katika ukindu wake anakiona kipete.

Ni kipete chembamba, kile mafundi wakiitacho washa, kisichozidi unene wa kucha, cheusi kwa petroli ya miaka mingi. Anakitambua mahali pake: hukaa chini ya mlango wa sindano, kikaupa mlango huo kimo chake. Kisipokuwapo, mlango huwa juu kuliko inavyotakiwa. Boya hulazimika kupanda zaidi ndipo liuzibe, na petroli hujaa bakulini kupita kipimo. Gari litawaka. Litatulia. Litakwenda salama mitaa miwili, pengine miezi miwili. Kisha siku moja, penye mtikisiko au jua kali, petroli itafurika na kuchuruzika juu ya chuma cha moto.

Lakini huenda si hivyo. Katika pakiti ile mlikuwa na vipete vipya vya unene mbalimbali. Yumkini alitia kipya, na hiki cheusi ni cha zamani kilichostahiki kubaki nje. Hakumbuki. Hakuvihesabu vya pakitini kabla ya kuanza. Ameifuata kazi yake kwa subira na usafi, ila katika jambo hili moja mkono ulitangulia na akili haikuwapo. Na gari linakwenda vizuri. Jirani ni shahidi.

Hapa ndipo suala lililoulizwa mwanzo linapokutana na jambo la kweli. Mtu huyu hafichi kosa, kwa sababu hajui kama kosa lipo. Hakuna atakayemwita mwongo akinyamaza. Anao ushahidi wa masikio yake kwamba injini i nzima. Kuifungua tena maana yake ni kuivunja furaha ya siku mbili, kukata gasketi mpya, kumwambia binti wa kaka yake kwamba safari ya alfajiri haitakuwapo, na kukiri mbele ya jirani kwamba aliyempongeza hajui alichokitenda. Wengi katika hali hiyo huchagua kuamini. Na kuamini huko huvaa nguo nzuri: huitwa matumaini, huitwa kutokuwa na wasiwasi. Kwa jina lake la haki, ni kumkopesha mwengine hatari bila ya kumwambia.

Mwalimu humpigia simu binti huyo usiku uleule, akamwambia asije. Asubuhi hakukaa akaifungua kabureta peke yake, ingawa sasa angeweza. Hukitia kipete mfukoni, akaenda kwa fundi.

“Assalamu alaykum, Fundi.”

“Wa alaykumu ssalam, Mwalimu. Karibu. Habari za nyumbani?”

Mwalimu hukinyoosha kiganja chenye kipete. Fundi hukitazama. Haulizi kimetoka wapi, kwani anajua. Haulizi ni nani aliyekuruhusu kufungua. Swali lake la kwanza ni hili: “Gari liko wapi sasa?”

“Liko mlangoni kwangu. Ufunguo ninao.”

“Haya. Basi tunywe chai kwanza.”

Swali la fundi linafaa kutuliwa kidogo, kwa kuwa ndani yake mna tofauti iliyotafutwa. Mwanagenzi hukiona kipete akawaza juu ya kabureta, na juu ya heshima yake. Fundi hukiona kipete akawaza juu ya barabara. Elimu yake haikukaa katika kujua majina ya vipande tu. Imekaa katika kumwona mtu asiyekuwapo, yule atakayeendesha, na kulipima kila jambo kwa ajili yake. Hiyo ndiyo sehemu ya ufundi isiyoandikwa katika kitabu cha gari. Hata hivyo mwalimu alikuwa ameanza kuifikia kabla ya kutoka kwake, wakati ule aliponyanyua simu.

Wawili hao hukaa mkekani, fundi akielekeza na mwalimu akifungua. Chini ya mlango wa sindano wanakikuta kipete kipya, kimekaa mahali pake sawasawa. Kile cheusi kilikuwa cha zamani, hakikudaiwa na mtu. Gari lilikuwa salama tangu mwanzo.

Je, basi alijisumbua bure? Msomaji mwenye haraka atasema ndiyo: safari imevunjwa, gasketi imeharibiwa, na hapakuwa na hatari. Lakini mtu huyo amechanganya mambo mawili. Usiku ule gari lilikuwa salama, ila hapana aliyejua kwamba li salama, na mwalimu alikuwa tayari kutoa ahadi juu ya jambo asilolijua. Aliyempa mwenziwe chombo bila ya kukihakiki, chombo kikafika salama, hakutenda wema. Amebahatika. Bahati haigeuki kuwa uaminifu kwa sababu imeleta mema, kama vile mshale uliorushwa kizani hauwi shabaha kwa kuwa umempata ndege. Alichokidaiwa mwalimu hakikuwa gari zima tu. Alidaiwa kujua kwamba ni zima, au kusema kwamba hajui.

Zikirudiwa sasa hoja za wale wadai watatu, kila moja itakuta jawabu lake, na hapana iliyotupwa. Jirani hudai hadhari, na hadhari hiyo ni deni lisilosamehewa: kazi ifanywe nje, moto uwe mbali, na yako mambo ambayo mwanagenzi asiyafungue peke yake kabisa, breki ikiwa ya kwanza, kwa kuwa huko kosa la kwanza laweza kuwa la mwisho. Chombo hudai upole, pamoja na kukiri mpaka. Mathalan, mhimili wa kile kilango kinachofunguka dereva akanyagapo mafuta ukishalika kwa umri, hewa hujipenyeza pembeni, wala hapana kuosha wala gasketi itakayoutibu. Lazima apatikane mwenye mashine ya kuchonga chuma. Kujua kwamba jambo limepita uwezo wa mkono wako ni sehemu ya kujua. Na fundi? Fundi hudai heshima. Lakini heshima yake haikuvunjwa na mtu aliyejaribu. Aliyeshinda siku mbili akiitafuta punje moja ya mchanga hatauliza tena kwa nini fundi hutoza anachotoza. Anayeuvunja ufundi ni yule anayedhani hauna lolote.

Suala hili halikuhusu zamani tu. Tangu miaka ya mwanzo ya 1990 magari mapya ya Ulaya, Marekani na Japani yameiacha kabureta. Petroli hupulizwa kwa nozeli zinazotawaliwa na kompyuta, hewa imekuwa safi zaidi na mafuta hutumika kwa uangalifu zaidi. Faida hiyo haikanushiki. Lakini mwenye gari la namna hiyo akifungua boneti hukutana na kifuniko cha plastiki, na hata fundi wake huhitaji chombo cha kumsomea gari linaumwa nini. Kabureta imebaki kwa wanyonge: katika pikipiki nyingi za bodaboda, katika jenereta ndogo, katika mashine za boti za wavuvi. Na mvuvi ambaye mashine yake imezima nje ya mwamba, mkondo ukimchukua, hana gereji ya kwenda. Huko kufungua si hamu ya mstaafu. Ama anajua kuisafisha jeti juu ya mtumbwi unaoyumba, parafujo moja likianguka baharini ndiyo basi, ama hajui. Jamii inayowakataza watoto wake kufungua saa mbovu na redio mbovu, kwa kuogopa wataziharibu, na ijiulize mvuvi huyo atajifunzia wapi.

Basi haki ya kufungua ipo, na ni ya kila mtu. Cheti hakiileti, wala ujinga hauiondoi. Hupatikana kwa sharti moja: afunguaye akubali kuhesabiwa kwa kila kipande, hata kile asichokumbuka alikiweka wapi, na akubali kuhesabiwa mbele ya wale watakaokitumia chombo baada yake. Asiyeweza sharti hilo na asifungue, hata awe fundi wa miaka arubaini. Anayeliweza na ajaribu, ahesabu vipete vyake kabla ya kuanza, na asione haya kubisha hodi kwa jirani anayejua zaidi.